Karibu ya Mwisho ya Mama Laini

Baada ya miaka thelathini na mitatu kwenye chumba cha simu, Mama Laini anastaafu leo, tarehe 30 Juni, siku ileile ambayo Serikali yetu ndogo inazima mitambo yake na simu zetu zote zinahamia makao makuu ya Shirikisho. Ndiyo maana hafla hii ina keki, na ndiyo maana keki haijaguswa.

Alikuja kumshikia nafasi shangazi yake aliyekuwa na homa, kwa wiki mbili tu. Shangazi alipona, akaolewa, akasahau kurudi. Mama Laini, binti wakati ule, akabaki. Chumba chenyewe kiko chini ya ngazi, na kila anayepanda au kushuka ni kama anamkanyaga utosini. Hilo halikumsumbua. Alimjua kila mkubwa kwa viatu vyake, akawa anamwambia mpigaji asubiri kidogo, bwana afya anashuka, yuko katikati ya ngazi.

Simu aliipokea kwa maneno matatu: "Serikali hapa, karibu." Neno "hayupo" alilipiga marufuku chumbani mwake. Nchi yenyewe, alisema, ukipiga chafya upande huu unaombewa afya upande ule, mtu atakosekanaje? Wazee wa ofisi hawajasahau siku mkulima mmoja alipopiga kulalamikia maji, na waziri akamfanyia Mama Laini ishara ya mkono kwamba hayupo, akaingia stoo. Akamjibu mkulima kwa upole: "Yupo, baba, ila ameingia stoo kujificha. Usikate, namtoa." Akamtoa. Maji yalifunguliwa jioni ile, na waziri akamnunia hadi uchaguzi uliofuata.

Sisi tuliorudi kazini na watoto wachanga tuna letu la kusema. Watoto wetu walilala chini ya meza yake, ndani ya boksi la simu mpya, wengine wakijua kusema "karibu" kabla ya kusema "mama". Ukimjia na machozi ya uchovu hakukubembeleza sana. Alikuvalisha visikilizio vyake na kukwambia, "Hebu pokea moja, mwanangu. Ukishamsikia huyo wa upande wa pili, utajiona umepumzika." Kisha alimbeba mtoto wako mpaka ukamaliza.

Tusiruke jambo ambalo kila mmoja hapa analifikiria. Mumewe, fundi seremala, ana maradhi ya figo, na hospitali yetu haikuwa na mashine ya kumsafisha damu. Kila wiki walivuka mpaka, wakapanga foleni ya vibali, wakarudi mumewe amelegea. Shirikisho lilipoahidi mashine, barabara na mishahara isiyochelewa, mradi tujiunge nalo na kuachia bunge letu na bendera yetu, Mama Laini alipiga kura ya ndiyo na hakuficha. Wengi wetu tulipiga ya hapana, tukamnunia. Chai ilinywewa kimya chumbani mwake, mpaka alipoweka kikombe chini akasema, "Ninunieni tu, wanangu, lakini bendera haisafishi damu."

Mashine ilikuja, inafanya kazi, na fundi yuko hapa mstari wa mbele, amevaa koti la harusi yake. Hakuna mwenye ubavu wa kumwambia mkewe alikosea. Hakuna pia aliyemsikia Mama Laini akitania tangu alipoambiwa kwamba chumba chini ya ngazi nacho kimo kwenye yale aliyoyapigia kura.

Wiki iliyopita mafundi wa Shirikisho walimwomba arekodi tangazo la kuwaelekeza watu kwenye nambari mpya, kwa kuwa sauti yake inajulikana. Maneno yalikuwa machache: nambari hii haitumiki tena, piga makao makuu. Kila alipofungua kinywa, alianza na "Serikali hapa, karibu." Wakamkumbusha, akaomba radhi, akarudia, ikatoka vilevile. Vijana wale walicheka, naye akacheka nao, kisha akafunika uso kwa kanga. Mwishowe wakaichukua rekodi kama ilivyo, wakisema ile karibu wataikata huko kwao.

Tumewaomba wasiikate. Wamejibu kwamba wataangalia.

Mama Laini, umetulea na umetusikiliza, na ulipolazimika kuchagua ulichagua mbele ya macho yetu. Asante. Nenda kamtunze fundi, ulale mchana, simu ya nyumbani iite mpaka ichoke. Tunakuombea siku nyepesi na nyumba yenye watu. Kesho asubuhi, kabla mtoto hajaamka, aliyeandika maneno haya atapiga nambari ya zamani. Asipoisikia karibu yako, atapiga makao makuu, na hatakubali kuambiwa kwamba mhusika hayupo.