Rhoda Mwalwisi, Mkaguzi Aliyeng'oa Namba za Fuso la Mumewe

Ndugu waombolezaji, mimi ni Stephano Sikazwe, shemeji wa marehemu, familia imenipa kazi ya kuwasomea maisha yake, nanyi mniwie radhi sauti ikipanda, kwa sababu mama huyu hasimuliwi kwa kunong'ona.

Rhoda Mwalwisi alizaliwa tarehe 14 Machi 1971 huko Tukuyu, akamaliza darasa la saba hapo hapo mwaka 1986, kidato cha nne mjini Mbeya mwaka 1990, na mwaka 1993 akaingia Jeshi la Polisi, akasomea ufundi wa magari, hadi Januari 1999 alipohamishiwa Sumbawanga kuwa mkaguzi wa magari, mwanamke wa kuvaa ovaroli na kuingia mwenyewe chini ya lori huku madereva wakishangaa. Tarehe 7 Oktoba 2000 alifunga ndoa na kaka yangu Kornel wa Izia, wakajaliwa Otilia na Yonas.

Sasa sikilizeni. Tarehe 6 Juni 2013 tulipeleka kwenye ukaguzi fuso la kaka, ambalo mimi ndiye niliyekuwa nikiliendesha kubeba mahindi kutoka Laela, tukiwa na uhakika kwamba stika ni yetu, lakini shemeji alikaa chini ya gari karibu saa nzima, akatoka na kumwambia mumewe mbele ya watu kwamba chesisi, uti wa mgongo wa gari, ina ufa, umechomelewa na kufichwa kwa rangi, na gari halitembei tena.

"Hilo ndilo linalotulisha," kaka akasema.

"Na anayeliendesha ni Stephano," akajibu, akaandika faini kama angemwandikia mtu mwingine yeyote, akang'oa namba mbele na nyuma, akapendekeza gari lifutiwe usajili na kukatwa chuma chakavu.

Kaka alinuna wiki nane, mimi nikamsema vibaya shemeji kila kijiwe, hadi tarehe 2 Agosti, siku ya kulikata, fundi alipoinua upande mmoja kwa jeki, hata gesi ya kukatia hajawasha, chesisi ikakatika yenyewe vipande viwili, uwanja mzima tukapiga kelele, na kaka akakimbia hadi kituoni akampigia mkewe saluti.

Alianza kuugua figo Novemba 2022, akatibiwa hapa na Mbeya, akafariki Jumanne, tarehe 11 Juni 2024.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa Izia, askari wenzake, nanyi madereva mliojaa hapa, hata wale aliowatoza faini.

Shemeji, pumzika, wanangu watatu waliozaliwa baada ya siku ile uliyong'oa namba wamesimama hapa kukuaga.