Migongo Niliyoikanda Sitaitaja

Sogeeni wanangu, sogeeni mpaka kitandani, maana sauti yangu leo ni moto wa kuni mbichi, moshi mwingi na mwanga kidogo. Rubeni, keti chini. Uzee wa kanisa ni huko kanisani. Humu ndani wewe ni mtoto niliyekupandisha kilima hiki cha Malindi yetu ya Lushoto mgongoni, debe la viazi kichwani, ukinikojolea njia nzima nami nisiseme kitu.

Hiyo karatasi uliyoiweka juu ya blanketi langu nimeisoma. Sikwenda bure elimu ya watu wazima miaka miwili, kugombezwa na mwalimu mdogo kuliko blauzi yangu. Inasema mimi Yudith, mjane wa Sheshe, nakiri kwamba kukanda watu kwangu ni uganga, kwamba natubu, na kwamba naomba kurudishwa kundini ili nikifa kengele igongwe na mchungaji anizike. Nisipotia sahihi nitazikwa kimya, na wewe Rubeni utavuliwa uzee kwa kushindwa kumtawala mama yako. Nimeelewa yote, na jibu langu ni hapana. Sikilizeni sababu, ndipo mgawane vitu.

Uganga gani? Kazi hii nilifundishwa na mgongo wa baba yenu. Wakati wa Mwingereza, tulipochimbishwa matuta kwa amri, alirudi siku moja amepinda kama mpini uliolala mvuani, nikachemsha maji, nikachukua mafuta ya nyonyo, nikamkanda kiuno siku mbili, kiuno kisisikie. Siku ya tatu mkono ukapotea njia, ukapanda mpaka chini ya bega la kushoto, nikakuta fundo kama kiazi. Nilipoligusa, mwanamume yule ambaye hakutoa chozi hata alipomzika mamaye, akalia mpaka kuku wakakimbilia nje. Jembe halikuwa na kosa. Bwana shamba alikuwa amempiga kofi mbele yangu, na kofi lile halikukaa shavuni, lilishuka likajificha begani. Tangu hapo nikajua kwamba maumivu hulilia hapa na kulala kule.

Ndiyo maana sikumkanda mtu kabla sijamtuma mtoni na ndoo tupu, ateremke, apande, nami nimekaa juu hapa namtazama. Kwenye tambarare watu wote hutembea kwa adabu. Mteremko ndio humvua mtu nguo. Mchuma chai wa Mponde huinamisha shingo kama bado amebeba kikapu, na mjane huacha nafasi mbele yake, kana kwamba kuna mtu anatangulia. Hakuna migongo miwili iliyopata mkono mmoja kwangu. Mwenyekiti wa kijiji aliponitaka nikandie zahanati, watu wapange foleni, kila mmoja dakika kumi na mkono uleule, nilimwambia, ndugu mwenyekiti, usawa ni wa mashamba na sukari. Migongo haikupiga kura. Akaenda kuandika kwamba nina mawazo ya kibepari, mimi mwenye kanga mbili.

Basi kwa kuwa watu walilia mikononi mwangu, baraza la kanisa likasema ni mashetani. Walikaa wazee saba. Wewe Rubeni walikutoa nje kwa kuwa ni mwanangu, ukakubali kutoka, na hilo liliniuma kuliko hukumu yenyewe. Leo nimelisema, limekwisha. Mwaka wa nne huu sijaikaribia meza ya Bwana.

Na wewe Dina, tangu jana unaninong'oneza, "Mama, wataje tu, waaibike, karatasi itachanika yenyewe." Ni kweli, mwanangu. Katika wale saba, watano walishavua shati juu ya mkeka wangu. Walipita katikati ya mahindi wasionekane, na mmoja alilia akiita jina ambalo mkewe halijui. Nikifungua mdomo, Jumapili hapatakuwa na wa kushika sahani ya sadaka.

Sifungui. Mtu akilala kifudifudi mbele yako amekupa kisogo chake, na aliyekupa kisogo hachinjwi. Nikitia sahihi, nimewaambia wote waliotua mizigo yao humu kwamba walilizwa na shetani. Nikiwataja, nimewauza. Sifanyi hili wala lile, na kama kengele yao hainitaki, ibaki na kutu yake.

Sasa vitu. Rubeni, nyumba ni yako na ng'ombe ni wako, ila hakubali kukamuliwa na mtu anayenuna, kwa hiyo jifunze kucheka. Wakikuvua uzee utabaki na Ukristo. Ufunguo wa huo hawana. Dina, chukua shamba la bondeni, lote, mpaka mgombani. Usiniangalie hivyo. Mikono unayo, tena kunizidi, lakini chungu chako hakina mfuniko. Usikialo asubuhi mtoni, mchana limeshafika soko la Lushoto.

Kibuyu cha mafuta na mkeka ni vya Esta. Ndiyo Rubeni, Esta mkeo. Miaka mitano amekuaga kwamba anakuja kunisongea bada, ugali wangu wa muhogo, na bada alisonga, kisha akakaa hapo akajifunza. Asubuhi hii nilimwomba ruhusa nimtaje, akanipa. Amewaona watu wakiingia na kutoka, ameketi nao kanisani benchi moja, na wewe umelala naye kitanda kimoja usisikie hata jina. Huyo ndiye mrithi. Ukimkataza, hutanikataza mimi, maana nitakuwa nimeshaondoka. Utakuwa umewakataza wenye kuumwa.

Nizikeni migombani, karibu na baba yenu. Wazee wa baraza wakija, wapeni viti, wapeni chai... Wakiinama kuchota udongo, Dina, tazama pembeni. Usihesabu nani anainama vizuri.

Ngojeni nivute pumzi.

Mungu awape viuno vinavyoinama bila kuvunjika... awape usingizi wa mtu asiyedaiwa neno... awape, mkianguka, mkono unaojua pa kugusa. Mgombane kwa sauti, mpatane kabla chungu hakijapoa. Amina, semeni...

Esta, mkwe wangu, iache miguu yangu. Imelainika, haina kazi tena. Mtazame mumeo. Mabega yamepanda mpaka masikioni... tangu siku walipomtoa nje, hayajashuka. Mkande yeye. Hapa hapa, mbele yetu.

Siyo shingoni. Shuka... kushoto. Hapo.

Usimfute, Esta. Mwache alie.