Mzee Bado, Dereva wa Shangazi

Sogeeni, ndugu zetu, mlioegemea ukuta njooni mbele, viti vya mbele haviumi, wenye simu zifungeni midomo, wenye watoto wapakateni, kwa maana maneno haya ameyasema mjane mwenyewe, kidogo kidogo, akiwa amekaa mkekani chumbani kwake, na binti yake mkubwa ameyaandika kama alivyoyasikia, na ndiye anayeyasoma, basi mkimwona amenyamaza katikati msimsukume, ataendelea.

Marehemu mpendwa wetu, ambaye wengi wenu mnamjua kwa jina la Mzee Bado, alizaliwa mwezi wa Machi mwaka 1953, mtoto wa nne wa mwashi na msusi wa mikeka, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha mbao, na mama yake alipenda kusimulia kwamba mtoto huyu halali mpaka msumeno wa kiwanda uanze kunguruma, ukizimwa tu anafumbua macho, akazoea mashine kabla ya kumzoea baba yake.

Alianza shule mwaka 1961 akamaliza darasa la saba mwaka 1967, mwandiko wake ukiwa wa kuku aliyekanyaga wino, na mwaka uliofuata akapelekwa gereji kwa fundi mmoja mkali aliyeitwa Kifaru, ambaye hakumruhusu kushika spana kabla hajajua kusikiliza, bali alimkalisha kando ya barabara amefumba macho, gari likipita aseme lina nini, na akikosea anaambiwa, "Hujasikia wewe, umebuni." Kwa Kifaru alijifunza kwamba pedi ya breki ikilia kwa sauti nyembamba inaomba kubadilishwa, ikisaga kama jiwe la kunolea umekwisha kuchelewa, chuma kinakula chuma, kwamba kanyagio likizama kama limekanyaga tope uangalie mafuta na mipira yake, usukani ukitetemeka unapopunguza mwendo ujue diski imepinda, gari likivuta upande mmoja ujue upande huo unafanya kazi ya wawili, na ukifunga pedi mpya kushoto ufunge na kulia, wasioneane wivu. "Kilomita ni umri tu," Kifaru alikuwa akimwambia, "na umri si ugonjwa. Gari lililotembea sana usiishie kusoma saa yake, liguse, lisikilize, linuse."

Jina la Bado alilipata hapo hapo gereji, kwa sababu mteja alikuja roho mkononi, kwingine ameambiwa kila kitu kibadilishwe, naye anaingia chini ya gari, akitoka anapangusa mikono na kusema moja kati ya maneno mawili, "bado" au "tayari", hakuna la tatu, akisema bado unaondoka na kifaa chako cha zamani na usiku unalala, akisema tayari hata ungelia machozi ya mamba hakupi ufunguo, na katika miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kurudi kumwambia kwamba bado yake ilimwangusha njiani.

Alifunga ndoa mwezi wa Juni mwaka 1979 na mshonaji aliyekuwa na cherehani kwenye kibaraza kinachotazamana na gereji, na jinsi walivyoanza ni kwamba mkanda wa cherehani ulikuwa unateleza, binti akasema umekufa, fundi akauvua, akauvuta, akaunusa, akaugeuza ndani nje, akasema, "Bado." Mkanda ukafanya kazi vizuri kabisa, lakini fundi akawa anarudi kuukagua kila anapopata nafasi, mpaka mama mkubwa wa binti akamwuliza mbele za watu, "Wewe kijana, hiyo cherehani ndiyo unayoijia, au kuna kingine hapa unakinusa?" Fundi akajibu, "Mama, kwa hicho kingine mimi tayari," kibaraza kizima kikacheka, na mkewe anasema kwamba kicheko hicho anakisikia hata leo.

Mungu aliwajalia watoto watatu, binti mkubwa anayewasomea hapa, kijana wa kati aliye mbali katika kazi za ujenzi na aliyewahi kufika jana, na kitinda mimba, binti aliyekataa vitabu akamfuata baba yake gereji, ambaye marehemu alimtambulisha kwa watu akisema, "Huyu ndiye fundi, mimi ni mdomo wake."

Mwaka 1994, bila kuiacha gereji, aliajiriwa na shule ya msingi iliyo jirani, awe dereva na fundi wa basi lao, basi kuukuu ambalo saa yake ya kilomita ilikwisha kuchoka kuhesabu, watoto wakaliita Shangazi, kwa sababu anakuja na kelele, analalamikia kila shimo la njiani, lakini hajamwacha mtoto wa mtu. Marehemu alimtunza Shangazi kama anavyotunzwa mzee wa heshima, mafuta ya breki aliyabadilisha kabla hayajageuka rangi ya chai iliyokolea, maana alisema yanakunywa unyevu wa hewa, na unyevu ukichemka mteremkoni kanyagio linakuwa la hewa tupu, mkanda wa injini aliubadilisha ungali mzima, akisema huu ndio pekee usiosema, unakatika na siri yake. Kuna siku ya safari ya darasa, watoto wamekwisha kupanda na nyimbo zimeanza, akakanyaga breki mara moja, akashuka, akasema, "Tayari," akachomoa ufunguo, wazazi wakamjia juu, "Mzee, gari si linawaka?" akawajibu, "Kuwaka linawaka, kusimama je? Gari zuri ni lile linalokubali kusimama," mpira mmoja wa breki ukakutwa umevimba kama shavu lenye jino bovu, safari ikaenda wiki iliyofuata, na wazazi wale wale wakawa wanamtania, "Leo umeamkaje, Mzee Bado au Mzee Tayari?"

Ndugu waombolezaji, sasa tunafika mahali ambapo mjane aliomba kwanza mlango wa chumba ufungwe, ndipo akaendelea.

Mwaka 2016 marehemu aligunduliwa kuwa na sukari, akapewa dawa na masharti, akayashika vizuri, lakini miguu ikaanza kufa ganzi taratibu, kwanza vidole, halafu nyayo, na hilo hakumwambia mtu. Mkewe alimwona anavaa viatu akivitazama, si kama zamani ambapo mguu uliingia wenyewe, akamwuliza, "Baba watoto, miguu vipi?" naye akajibu, "Bado," na kwa sababu neno hilo halikuwahi kumdanganya mtu yeyote, si kwa gari, si kwa cherehani, mkewe alilipokea kama alivyolipokea siku zote. Mwezi wa Mei mwaka jana akaanza kufua soksi zake mwenyewe, majirani wakamtania mkewe, "Dada, umempa nini mzee huyu? Wa kwetu hata shuka hawalijui," mkewe akajivuna kidogo, hakujua kwamba pini ya chuma ilikuwa imepenya soli ya kiatu cha kulia huko gereji, ikakaa nyamani, mwenyewe hajaisikia, na soksi zilikuwa zinafuliwa damu.

Mwezi wa Agosti, asubuhi moja, Shangazi alifika kwenye kivuko cha mbele ya shule akapitiliza mstari, kidogo tu, hakuna aliyeumia, hakuna aliyeogopa, watoto walicheka wakaona ni mchezo, na mjukuu wa marehemu, Kidege, aliyekuwa kiti cha mbele, akasema, "Babu, tena!" Marehemu aliwashusha wote, akalipeleka basi chini ya paa la bati, akafungua magurudumu, pedi zilikuwa nene, diski safi, mafuta meupe, mipira mizima, akafunga kila kitu, akapanda tena kitini peke yake, akatazama mbele dirishani, akaushusha mguu, akajiuliza kama amekanyaga, kisha akainama kutazama, akaukuta mguu uko pembeni ya kanyagio, umekanyaga sakafu. Alirudia, akarudia, mlinzi wa shule aliyekuwa anapita alimwona ameweka paji la uso juu ya usukani, akadhani anasali.

Kutoka hapo aliingia kwa mwalimu mkuu, akaweka ufunguo mezani, akasema, "Mwalimu, tayari." Mwalimu mkuu akauliza, "Nini tena, mzee wangu, breki?" akajibu, "Breki nzima. Dereva." Mwalimu alisimama, akamshika mikono yote miwili, na ndugu wazazi, watoto wenu walirudi nyumbani siku ile kwa mguu, mkanung'unika, na hamkujua ni kwa nini.

Hapo angeweza kumweleza mkewe yote, maana basi lilikwisha kumtoka mikononi, lakini alisema ameona umri unatosha, akakaa nyumbani, na kila alipoulizwa mguu alijibu neno lile lile, mpaka harufu ikamtangulia kusema ukweli, mkewe akamvua kiatu kwa nguvu, na alichokiona hataki kisomwe hapa. Hospitalini daktari, kijana mpole, aliutazama mguu akasema, "Mzee, ungekuja mapema tungefanya kitu," na marehemu akasema, "Mwanangu, hayo maneno ndiyo ninayowaambia watu siku zote." Mguu ulikatwa mwezi wa Oktoba. Wodini binti yake fundi alimwuliza akilia, "Baba, wewe! Wewe wa kuchelewa?" akajibu, "Nilijua tangu mwanzo madaktari wakiniona wataniambia niteremke basini. Nikasema nifikishe hawa watoto muhula huu, halafu huu, halafu huu. Na nilipoteremka, nikaona aibu kumvulia mama yako kiatu." Alizidi kudhoofika, damu ikaingia sumu, na Jumanne asubuhi, tarehe 6 Februari 2024, chai yake ikiwa bado ya moto juu ya kabati la kitanda, mkewe amemshika mkono, alitutoka.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya wanaume, hasa muuguzi aliyempa kitanda cha dirishani asikie magari, majirani waliowapokea wageni wetu majumbani mwao bila kuwauliza wamekuja na nini, mafundi wa gereji waliofunga kazi ili wachimbe kaburi, mwalimu mkuu na walimu wote, pamoja na dereva mpya wa Shangazi, aliyelileta basi leo taratibu mpaka hapa getini, na hatutaweza kumtaja kila mtu, tusameheane.

Lala, mzee wetu, lala bila kuamshwa na kengele ya saa ya alfajiri, watoto wa watu wote wamefika.

Kabla hatujanyanyuka, familia inaomba mjue alivyogawa, kwa kuwa aliyasema mwenyewe wodini akili yake ikiwa timamu, kesho pasiwe na minong'ono. Spana zote na jeki ni za kitinda mimba, na fundi yeyote akitaka kuazima apige magoti kwake. Saa ya mkono ni ya kijana wa kati, ambaye alipewa sharti la kuitumia kujua wakati wa kuja nyumbani. Redio ni ya binti mkubwa. Kidege amepewa honi ya zamani ya basi, na mama yake anaomba ruhusa ya kuificha. Nyumba ni ya mkewe, hilo halina mjadala. Na alipomaliza kugawa, mkewe alimwuliza, "Na mimi, zaidi ya hizi kuta?" akamshika kidole, akamwambia, "Wewe, bibie, nakuachia hasira. Nilikuficha. Nikasirikie mpaka uchoke, ni haki yako." Mkewe anasema urithi huo ameupokea mbele ya watoto wake, lakini kila anapotaka kuuanza, machozi yanamtangulia.