Karani wa Dirisha la Pili

Marehemu mjomba wetu, ambaye wengi wenu mlimwita Mzee Fomu naye akaitika bila kinyongo, alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya stesheni ya reli. Alikuwa mtoto wa kwanza wa fundi cherehani. Baada yake alizaliwa dada mmoja tu, ambaye ndiye mama yetu sisi tunaousoma wasifu huu.

Alisoma shule ya msingi kuanzia 1959 hadi 1965, na sekondari hadi 1969. Hesabu zilimpiga chenga, lakini mwandiko wake ulikuwa wa kutamanisha. Majirani walimtumia kuandika barua zao, naye alikuwa na tabia ya kuzipunguza. Bibi mmoja alieleza shida zake saa nzima, kisha akasomewa mistari minne. Alipolalamika, mjomba alimjibu kwamba yote yamo.

Mwaka 1972 aliajiriwa katika kituo cha mpakani, dirisha la pili. Dirisha la kwanza lilikuwa la wenye magari. Hao waligongewa muhuri wakapita, hakuna aliyewauliza waendako. La pili lilikuwa la waendao kwa miguu, na kila mmoja alitakiwa kueleza sababu ya safari. Huyu alikuwa anampeleka mtoto kliniki, yule anakwenda kuzika, mwingine anamtafuta mume aliyepotea. Foleni ilikuwa ndefu, na nafasi kwenye fomu ilitosha neno moja. Mjomba aliandika "kazi". Aliandika hivyo kwa karibu kila mtu kwa miaka ishirini na tano, na wakubwa wake walimsifu kwa wepesi wa mkono.

Hapohapo dirishani alimpata mke, mwanamke wa upande wa pili aliyegoma kuondoka mpaka amalize kusimulia habari yake. Walifunga ndoa tarehe 9 Agosti 1980 mbele ya wazee wa pande zote mbili, bila cheti cha serikali, maana wakati ule hakuna aliyekiulizia. Hawakujaliwa mtoto. Kila mwezi mke alikwenda kumjulia hali mama yake, na aliporudi mjomba alimjazia fomu mwenyewe, huku wakitaniana.

Mwaka 1997 makao makuu walizihesabu zile fomu. Ripoti ikasema kwamba kati ya kila watu kumi wanaovuka kwa miguu, tisa wanakuja kunyang'anya wenyeji kazi. Magazeti yakaidaka. Kuanzia tarehe 1 Januari 1998, asiye na kibali hakupita dirisha la pili. Magari yaliendelea kupita kama kawaida. Upande wa pili nao ukalipiza kwa sheria ya namna hiyohiyo. Mkewe alikuwa huko, akimuuguza mama yake. Aliomba kurudi, akakataliwa: kumbukumbu zilionyesha kwamba miaka yote amekuwa akiingia kutafuta kazi. Alipiga simu kuuliza ni nani aliyeandika hivyo.

"Ni mimi," mjomba alisema. "Nilikuandika kama nilivyowaandika wote."

Kabla mkewe hajajibu, simu ikakatika. Waliendelea kuzungumza kila wiki kwa miaka ishirini na sita, habari za mvua, bei ya sukari na magoti yanayouma, lakini jambo lile halikuguswa tena. Mjomba aliamini kwamba hajasamehewa, na aliogopa kuuliza.

Alistaafu mwaka 2006. Tangu hapo alikaa kwenye benchi nje ya kituo, akiandika sababu za watu kwa kirefu, kurasa kwa kurasa, na kuzipeleka makao makuu. Alituma barua arobaini na tatu. Alijibiwa moja, ya kumshukuru kwa maoni yake. Nyumbani alikuwa mpweke sana, na sisi wapwa tulimtembelea mara chache kuliko ilivyotupasa. Alikula amesimama jikoni. Akienda dukani aliiacha redio ikiongea, na tulipomtania alisema hataki nyumba izoee kimya.

Alianza kuugua figo Oktoba 2023. Muuguzi alipomuuliza ndugu wa karibu, alimtaja mkewe na kueleza habari yao yote bila kupunguza kitu. Alifariki Jumanne, tarehe 6 Februari 2024, saa kumi alasiri.

Ameacha mke, dada na wapwa watatu. Mkewe aliomba kibali cha kuja kumzika; hadi programu hii ya mazishi inachapwa, hakijatoka. Tulimpigia simu tukamweleza jinsi mjomba alivyoishi na jambo lile.

"Nilimsamehe palepale, kabla simu haijakatika," alisema. "Nilidhani anajua."

Mungu ampumzishe mjomba wetu kwa amani.