Bonge Hukaa Katikati

Benchi la nje ya chumba cha cherehani halina nafasi ya mtu maalumu. Anayekuja hukaa pembeni, wengine wakasogea. Lakini Bonge, mwenye duka la vitambaa, hata akija wa mwisho, kahawa ikifika nusu utamkuta katikati, na waliokonda wananing'inia nchani. Asubuhi hiyo mmoja wa walioning'inia alikuwa Mama Sindano, kalio moja benchini, moja hewani, chumba chake cha ushonaji nyuma ya mgongo. Bonge alitaka ukuta uvunjwe, chumba hicho na duka lake viwe kitu kimoja. Mwashi alishaitwa. Mama Sindano alikuwa ameahidi kutoa jibu kabla kahawa haijaisha.

— Jana redioni mlisikia? — alianza Satelaiti, fundi redio. — Huko juu kuna nyota zimesongamana kama watu kwenye foleni ya maji. Humo ndani mashimo meusi yananenepa.

— Yananenepa kwa kula nini? — Mama Sindano aliuliza, jicho kwa Bonge.

— Yanakulana. Nyota kubwa ikifa inaacha shimo. Shimo ni zito, linazama katikati ya kundi. Vyepesi vinasukumwa pembeni.

Mama Sindano akaishika ncha ya benchi.

— Huko katikati linakutana na jingine, — aliendelea Satelaiti. Yanazungukana, yanazungukana, paf! Limekuwa moja, kubwa zaidi. Linasubiri la tatu.

— Halimkimbizi mtu?

— Likimbize ya nini? Msongamano wenyewe unaliletea.

— Uongo mtupu! — alidakia Breki, dereva wa basi mstaafu, kutoka ncha ya pili. — Shimo halitoi mwanga, nani kaliona?

— Wanapima mtikisiko yakigongana.

— Basi langu lilitikisika maisha yake yote na halikuungana na la mtu! Wanatuficha. Moja liko hapa hapa mtaani. Vifuniko vya sufuria vya mke wangu vinakwenda wapi? Na umeme je? Unakatika likiwa linakula.

Bonge akacheka, benchi likatikisika naye.

— Mnaogopa maendeleo. Mawili yameungana, limepatikana kubwa, ubaya uko wapi? Au siyo, shemeji? Kahawa hiyo inaelekea chini.

Mama Sindano hakumtazama.

— Satelaiti, lile dogo likishaungana, linabaki upande gani wa lile kubwa?

— Halina upande, mama. Ndiyo limekwenda. Tena mara nyingine mgongano unakuwa mkali, hilo jipya linapigwa teke, linatoka kundini kabisa.

— Hapo sasa unaongeza chumvi, — alisema Bonge.

Breki akainamisha chupa ya kahawa. Tone moja. Wote wakamgeukia Mama Sindano.

Kabla hajafungua mdomo, msichana mmoja akasimama mbele yao, mkononi kiatu kisicho na kisigino.

— Shikamooni. Fundi viatu aliyekuwa mlango ule, kando ya duka la vitambaa, aliniambia ameungana na Bonge. Nimeingia dukani, naona vitambaa tu. Yuko wapi?

Breki alimtazama Satelaiti. Satelaiti alitazama juu. Bonge alikifuta kikombe kilichokuwa kikavu tayari.

— Yupo... yaani, tuliungana.

— Ndiyo. Sasa yuko wapi?

Kwenye kona mwashi akatokea, nyundo begani. Mama Sindano akainuka, akaenda kusimama mbele ya Bonge.

— Sogea, shemeji. Nataka kukaa.

— Hapa katikati?

— Hapo hapo. Na huyo mwashi mwambie arudi na nyundo yake.

Bonge akasogea. Kule nchani Breki akaporomoka, yeye na chupa yake.

— Si niliwaambia! — alifoka kutoka chini. — Liko hapa hapa mtaani!