Bwana Alinifundisha Kupima Memori ya Seva

Jina la Bwana liinuliwe, ndugu zangu! Mnaonijua hapa kijijini Tulia mnajua mimi si mtu wa kuamini haraka. Naitwa Syombua, nesi mstaafu, na nimesimama kwa sababu Mungu amenitoa mbali.

Mimi na akina mama wenzangu wa kanisa tulianzisha tovuti. Kazi yake ni moja: mtu akiumwa na nyoka, anafungua simu na kuona ni hospitali gani iliyo na dawa leo. Tuliiweka kwenye seva, ile kompyuta inayobeba tovuti, ya kushirikiana na watu wengine, kama wapangaji wa ploti wanavyogawana tangi moja la maji. Siku za kawaida ilitosha.

Basi mvua ikanyesha, nyoka wakatoka, watu wakaingia kwenye tovuti kwa wingi. Ikazimika! Ukurasa mweupe tu. Kule Tseikuru mfugaji mmoja, Munyoki, akaumwa mguuni. Mkewe alifungua simu asione kitu. Wakakimbilia kituo kisicho na dawa, wakatumwa kwingine. Munyoki yuko hai, lakini mguu ulikatwa.

Ndugu zangu, moyo wangu ukajaa shaka. Nani anatuzimia? Nilimshuku muuzaji mmoja sokoni, anayeuza jiwe jeusi ati linanyonya sumu. Akinisalimia, nawaza: mbona leo anacheka sana?

Nikaamua tuhame, tupate seva yetu wenyewe. Akaja Kyalo, muuzaji wa seva. “Mwaitu,” akaniita, yaani mama kwa Kikamba, “chukua memori ya giga kumi na sita, ulale bila wasiwasi.”

“Umeangalia tovuti yetu inatumia ngapi?”

“Hakuna haja, Mwaitu. Kubwa ni kubwa.”

Wee! Nesi haandiki dawa kabla ya kumpima mgonjwa. Nilimshukuru, nikamfungulia geti aende zake. Halafu nikapiga magoti, nikalia: Bwana, kila mtu ananidanganya, nionyeshe wewe!

Akanikumbusha Mwikali, dada wa Nunguni anayetengeneza tovuti za shule. Hata yeye nilimshuku. Nikamuuliza, “Na wewe unapata nini hapa?”

Akacheka. “Usiniamini mimi, Mwaitu. Kaa hapa uangalie mwenyewe.”

Akaweka nakala ya tovuti kwenye seva ndogo ya giga moja, sawa na fungu letu kwenye ile ya zamani, kisha akaituma kompyuta ijifanye umati wa watu. Nikaona kwenye skrini mstari wa memori ukipanda, ukipanda, ukajaa. Seva ikaizima hifadhidata yetu, pale orodha ya hospitali na dawa inapokaa, ili yenyewe isife. Na ule ukurasa mweupe ukatokea mbele ya macho yangu!

Haleluya, hakukuwa na mkono wa mtu! Muuzaji wa jiwe jeusi hakutugusa. Memori ilikuwa haitoshi, basi. Niliketi pale nikalia, nikahisi mzigo ukinitoka mabegani.

Tukajaribu giga mbili. Ilibeba, lakini kwa kubana pumzi. Giga nne ikabeba umati na nafasi ikabaki. “Hii inatosha,” Mwikali akasema, “na siku ikijaa tutaongeza.” Tukahamia.

Mvua iliporudi sikutulia. Nilifungua tovuti nikiwa nasonga ugali, nikaifungua tena kabla ya kula. Nilingoja ianguke. Haikuanguka! Kisha simu ikalia, baba mmoja wa upande wa Makueni aliyepata namba yangu kwenye tovuti, binti yake ameumwa shambani.

“Mwaitu, tumefika pale mlipoandika. Dawa iko. Wanamchoma sindano sasa hivi.”

Ndugu zangu, niliacha ugali ukapoa.

Namshukuru Mungu, na namshukuru Mwikali. Na wewe uliyekaa hapo ukimshuku kila anayekusalimia, njoo kwa Yesu leo. Yeye mwamini bila kupima. Muuzaji wa seva, mpime kwanza! Amina?