Aliyeuliza Basi Linazimika Kwa Nini

Baada ya miaka thelathini na mmoja katika gereji yetu, fundi wetu wa umeme wa magari anastaafu tarehe 30 Juni. Jina lake limo kwenye faili, lakini sisi tunamwita Mzee Kwanini kwa maswali yake, na akiitwa vinginevyo huchelewa kugeuka. Mimi, dereva wa basi la wafanyakazi, ndiye niliyeomba kuandika haya.

Mzee hafungui soketi wala hakati waya kabla hajavua pete na saa, na kuchomoa waya wa hasi kwenye betri. Pete humkabidhi karani wa stoo. Siku moja aliisahau huko, na asubuhi mkewe akafika gerejini. Ilikuwa mara yetu ya kwanza kuona anayehojiwa ni yeye.

Miaka kadhaa iliyopita basi langu lilianza kuzimika njiani. Mafundi wakabadilisha betri, wakakagua fyuzi, wakalijaribu uwanjani, likanguruma vizuri tu. Ikasemwa ninalizima mwenyewe kwa uvivu. Meneja akanipa hadi Ijumaa, la sivyo nifukuzwe kazi. Nilikuwa na watoto watatu shuleni, na usingizi ulinipaa.

Mzee Kwanini akaja kuniuliza basi huzimika likiwa limebeba nani. Swali gani hilo! Nikamjibu kwamba ni likijaa tu. Akaondoka, akarudi na makarani, mlinzi, mpishi na meneja mwenyewe, akawapandisha wote. Breki ya mkono ikavutwa, injini ikawashwa. Mpishi, ambaye si mwepesi, alipojitupa kwenye kiti cha nyuma, basi likazimika.

Watu wakashuka, betri ikachomolewa, kiti kikang'olewa. Chini yake sakafu ilikuwa ikibonyea na kuisukuma soketi ya waya wa pampu ya mafuta. Ndani, pini moja ilikuwa imelegea na kuota kutu ya kijani. Akikaa mtu inaachia, akishuka inashika. Mzee akaweka soketi mpya, akapitisha waya mbali na kiti, akaufunga usicheze, akapima kwa mita. Kisha akawapandisha wote tena. Mpishi alirukaruka kitini kwa makusudi, injini haikutetereka. Meneja akaniomba radhi palepale, mbele ya wote.

Watoto wale wamemaliza shule. Asante, mzee wetu. Siku ile kila mtu alikuwa na jibu, na jibu lilikuwa mimi. Wewe peke yako ulikuwa bado unauliza. Ustaafu wako uwe wa raha na afya tele, wewe na mama.